Celeron 300A: Ilivyofikishwa Megahezi 450

Agosti 1998 Intel iliingiza sokoni Celeron 300A, prosesa ya bei nafuu yenye kasi ya megahezi 300. Haikuchukua muda wapenzi wa kompyuta wakagundua kwamba nyingi kati ya prosesa hizo zinakimbia kwa megahezi 450, kasi ileile ya Pentium II iliyokuwa juu kabisa wakati huo, na bei yake juu vilevile. Jambo hilo linastahili kuchambuliwa, kwa kuwa wengi waliliiga bila kuelewa kwa nini lilifanikiwa.

Kasi ya prosesa hupatikana kwa kuzidisha kasi ya njia kuu ya data kwenye ubao mama kwa kizidisho cha prosesa yenyewe. Kizidisho cha 300A kilikuwa 4.5, nacho Intel ilikifunga. Njia kuu ilikuwa megahezi 66, na 66 mara 4.5 ni takriban 300. Mlango pekee uliobaki wazi ni ule wa njia kuu: ukiipeleka 100, prosesa inafika 450.

Mapigo ya njia kuu hutolewa na chipu ndogo ya saa iliyo kwenye ubao mama, nayo hupokea amri kupitia nyaya mbili za mawasiliano. Programu kama SoftFSB iliandika namba mpya kwenye rejista za chipu hiyo Windows ikiwa inaendelea kufanya kazi. Lakini ilibidi kwanza uijulishe ni chipu gani. Mtu alifungua kasha, akatafuta kikopo kidogo cha rangi ya fedha chenye kristali, kisha akasoma maandishi kwenye chipu iliyo jirani yake. Ukichagua jina lisilo lake, kompyuta huweza kuganda papo hapo.

Ubao wa Abit BH6 ulipitia njia nyingine. SoftMenu yake, iliyokuwa ndani ya BIOS, ilikuwezesha kubadili kasi na volteji kwa kibodi tu, bila kugusa jampa hata moja.

Njia kuu haiendi peke yake. Nafasi za PCI, zinazohudumia kadi za sauti na mtandao pamoja na diski, zinatakiwa zipate megahezi 33. Njia kuu ikiwa 66, mapigo hugawanywa kwa mbili. Ikiwa 100, hugawanywa kwa tatu. Kote jibu ni 33. Ukisimama 83 huku kigawanyo kikiwa bado mbili, PCI inapanda hadi 41.5, na hapo diski huweza kuharibu data bila kutoa onyo lolote.

Volteji nayo ina hesabu yake. Joto la prosesa hupanda sambamba na kasi, na pia kwa mraba wa volteji. Kutoka 300 hadi 450 pekee kunaongeza joto kwa nusu. Ukipandisha volteji kutoka 2.0 ya kawaida hadi 2.2, ongezeko linafika takriban asilimia 80. Kwa hiyo utaratibu sahihi ni kuimarisha feni kwanza, kujaribu 450 kwa volteji ileile ya 2.0, na kuongeza hatua moja ndogo pale tu mashine inapoyumba.

Windows kuwaka si ushahidi kwamba mashine imetulia. Iachie programu ya Prime95 ipige hesabu kwa saa kadhaa. Kosa moja likitokea, umevuka mpaka. Hapa ndipo programu ya ndani ya Windows kama SoftFSB inapofaa zaidi: ilichoandika kwenye chipu ya saa hufutika ukizima umeme. Jaribu kwa programu, kisha weka kwenye BIOS kile tu kilichothibitika.

Prosesa yenyewe pia ilisaidia. Kache yake ya kilobaiti 128 ilikuwa ndani ya kipande kilekile cha silikoni, ikikimbia kwa kasi kamili, wakati kache ya Pentium II ilikaa kwenye chipu za pembeni kwa nusu ya kasi.

Tukirudi kwenye njia kuu, aliyechagua 83 akidhani anajihadhari alihatarisha data zake zaidi kuliko aliyeruka moja kwa moja hadi 100. Kabla ya kubadili namba yoyote ya njia kuu, orodhesha kila kifaa kinachotegemea mapigo yake, kisha piga hesabu ya kila kimoja kitapata kasi gani.