Maungamo Mbele ya Mashine

Mkristo ana kazi gani na filamu za wauaji? Swali hili ni la haki. Nimeulizwa zaidi ya mara moja tangu wanaume wa usharika wetu hapa Karatu walipoanza kukutana kutazama filamu za zamani za uhalifu katika ukumbi wa kanisa. Jibu langu ni hili: filamu hizi zinaijua dhambi kuliko mahubiri yetu mengi, lakini habari ya ondoleo la dhambi haziijui. Anayezitazama kwa makini atajifunza kwa yote mawili.

Nazungumzia filamu za Marekani za miaka ya 1940 na 1950, za rangi nyeusi na nyeupe, ambazo wahakiki wa Ufaransa walianza mwaka 1946 kuziita film noir, yaani filamu nyeusi. Weusi huo ni wa usiku na kivuli: barabara iliyolowa mvua, taa moja mezani, mistari ya pazia inayomwangukia mtu usoni kama nondo za gereza. Baadhi ya waliozitengeneza walikuwa wakimbizi. Billy Wilder, ambaye filamu yake nitaizungumzia zaidi, alikuwa Myahudi aliyeondoka Berlin mwaka 1933, Hitler aliposhika madaraka. Watu wa namna hiyo walikuwa wamekwisha kuona jinsi jirani mwema, karani mwenye tai na salamu nzuri, anavyoweza kugeuka.

Kwetu sisi wa kaskazini ipo sababu nyingine ya kuzitazama. Howard Hawks, aliyeongoza The Big Sleep mwaka 1946, ndiye aliyekuja Tanganyika kutengeneza Hatari!, filamu ya John Wayne iliyotoka mwaka 1962. Sehemu yake kubwa ilipigwa Momella, chini ya Mlima Meru, si mbali na Makumira tunakosomea wachungaji. Leigh Brackett alishiriki kuandika filamu zote mbili. Basi zilinganishe. Kule Los Angeles ni usiku, na kila mtu ana jambo la kuficha. Huku kwetu ni jua kali, vifaru, twiga na wageni wenye furaha; wenyeji wako pembeni, na hakuna mwenye siri. Mpaka leo Ngorongoro hupigwa picha kwa namna hiyo, kana kwamba ni bustani ya Edeni na sura ya tatu ya Mwanzo haijafika. Uzuri huo ni kweli, na vijana wetu wengi wanaoendesha watalii wanakula kwa huo. Lakini mtu ambaye hadithi haimpi dhambi yoyote, haijampa moyo pia. Sisi tunaoishi huku tunajua kwamba usiku upo.

Tuje kwenye filamu ya Wilder, Double Indemnity, ya mwaka 1944. Walter Neff ni wakala wa bima. Anakwenda nyumbani kwa mteja kumkumbusha bima ya gari, anakutana na mke wa mteja, Phyllis Dietrichson, na siku hazipiti nyingi wawili hao wanapanga kumuua mume ili walipwe fedha za bima, maradufu kama kifo kitaonekana ni ajali ya treni. Jambo la kutisha kuliko mauaji ni karatasi. Mume anawekewa fomu atie sahihi. Anadhani anahuisha bima ya gari. Kumbe moja ya karatasi hizo ni bima ya ajali inayomhusu yeye mwenyewe. Anatia sahihi na kurudi kwenye shughuli zake.

Msomaji wa Biblia ameshaikuta karatasi hiyo katika 2 Samweli 11. Daudi yuko juu ya dari, anamwona mke wa mtu, anamtwaa, kisha anaandika barua ya kumfisha mume, na barua hiyo anamkabidhi Uria mwenyewe aipeleke kwa Yoabu. Uria alibeba kifo chake mkononi kwa utii, kama bwana Dietrichson alivyokitia sahihi kwa kuamini. Wala Daudi wala Neff si jambazi wa njiani. Mmoja ni mfalme mcha Mungu, mwingine ni mfanyakazi bora wa ofisi. Dhambi yao ilipita katika kazi waliyokuwa wakiifanya vizuri kila siku, na ilikuwa na mhuri.

Kisha akaja Nathani, na hakuanza na hukumu. Alianza na hadithi ya tajiri, maskini na mwana-kondoo mmoja. Daudi akaghadhibika, akamhukumu tajiri yule kabla hajajua kwamba amejihukumu mwenyewe. Hapo ndipo ninapoona faida ya kutazama pamoja, kwa picha kubwa. Simu uliyoishika kiganjani ni ndogo kuliko wewe; ukichomwa moyo unaizima. Picha iliyojaa kwenye shuka jeupe, ukumbi ukiwa giza, ni kubwa kuliko wewe, na jirani yako anapumua karibu nawe. Karatu hatuna jumba la sinema. Tuna projekta ya kuazima, shuka, na mwalimu wa sekondari anayetafsiri kwa sauti kama wafanyavyo watafsiri wa vibanda vya video. Inatosha.

Katika filamu hii Neff anasimulia mambo yote mwenyewe. Usiku, akiwa na jeraha la risasi begani, anaingia ofisini, anaketi mbele ya mashine ya kurekodia sauti na kuanza kuungama. Tulipofika hapo, mzee mmoja aliinamia sikio langu.

“Mchungaji, huyu anasema na nani?”

“Anasema na mashine, mzee.”

Akatulia kidogo. “Nayo itamjibu nini?”

Sijasoma uhakiki wa filamu hii unaopita swali hilo. Neff anaungama vizuri: anataja tendo, anataja tamaa yake, hapunguzi hesabu. Lakini Luther katika Katekisimu Ndogo anatufundisha kwamba maungamo yana sehemu mbili: kuungama dhambi, na kupokea ondoleo kama litokalo kwa Mungu mwenyewe. Neff ana sehemu ya kwanza tu. Anayemkusudia kwa maneno yake ni Barton Keyes, mkaguzi wa madai na rafiki yake, ambaye jina lake kwa Kiingereza linasikika kama funguo. Keyes anatokea mwishoni, amesikia. Neff anajaribu kukimbia, anaanguka mlangoni, na Keyes anainama kumwashia kiberiti, jambo ambalo filamu nzima Neff ndiye aliyekuwa akimfanyia. Wilder alikwisha kupiga picha za Neff akiuawa katika chumba cha gesi, kisha akaziacha. Alifanya vyema. Kiberiti kile ni upendo wa kweli. Lakini Keyes, pamoja na jina lake, hana funguo. Hawezi kumfungulia mtu. Nathani, Daudi alipoungama, alimtangazia papo hapo kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake, ingawa matokeo yake machungu yalibaki.

Filamu hii ina kasoro nyingine, nayo hatupaswi kuifumbia macho. Phyllis tunamwona kwa macho ya Neff tu, na Neff anamfanya yeye kuwa mlango wa maovu yote. Huo ni utetezi wa Adamu. Nathani hakumgusa Bathsheba kwa neno; alimkabili mfalme.

Msiba huu si wa Marekani pekee. Katika Nairobi Half Life ya David “Tosh” Gitonga, ya mwaka 2012, Mwas anatoka kijijini akitaka kuwa mwigizaji, anaibiwa siku aliyofika mjini, na kidogo kidogo anakuwa mwizi. Baada ya damu kumwagika anapanda jukwaani, anasimama mbele ya watazamaji na kusema nao. Afadhali yeye, ana watu mbele yake. Hata hivyo watazamaji wanaweza kupiga makofi tu.

Sasa turudi usharikani, maana hapa ndipo jambo linapotuhusu. Nimeongoza ibada nyingi za kuwarudisha watu kundini. Wanaosimama mbele ni wale ambao dhambi yao imeonekana kwa macho: binti aliyepata mimba, vijana walioishi pamoja bila ndoa. Sijawahi kumpokea aliyemwekea ndugu yake karatasi atie sahihi. Tangu lami ilipofika hadi lango la Ngorongoro, ardhi kando ya barabara imekuwa fedha, na kila anayesikiliza mashauri ya familia anajua kwamba zipo sahihi ambazo mwenye kutia hakuelewa alichotia. Zipo pia hesabu za vikundi vya kukopeshana zilizofungwa vizuri mno. Wenye mambo hayo hawatengwi na Meza ya Bwana. Wanabeba siri yao nyumbani na kuisimulia gizani, kwa chupa, kwa kitu kisichojibu.

Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 11, linafundisha kwamba ondoleo la mtu mmoja mmoja lidumishwe kanisani. Sisi tumeliacha karibu lote, tukabakiza aibu ya hadharani kwa wachache. Zaburi ya 32 inaeleza mifupa inavyochakaa kwa kunyamaza, na Neff anachakaa hivyo mbele ya macho yetu kwa karibu saa mbili. Tukitoka ukumbini tukisema tu kwamba mwovu amekoma, tumekuwa Daudi kabla Nathani hajamaliza kusema.

Kwa hiyo, ndugu mchungaji mwenzangu, tazama filamu hizi pamoja na watu wako, na taa zikiwashwa usiwe na haraka ya kufunga kwa sala. Waambie ni siku gani na saa ngapi mlango wa ofisi yako uko wazi kwa anayetaka kusema neno peke yake. Kisha siku hiyo uwepo, na atakayekuja usimwache aondoke bila kusikia kwa sauti ya mwanadamu, kwa jina la Yesu, kwamba amesamehewa. Hati aliyoipata kwa hila atairudisha baadaye, naye atahitaji mtu wa kumsindikiza kuipeleka.