Baiti 440

Fundi wangu wa kompyuta pale Kariakoo hakimbilii kupiga window. Wengi wakiona mashine imesumbua hufuta diski nzima, na picha za harusi ya mteja zikapotelea humo. Yeye kwanza huchomeka flashi.

Kompyuta niliyompelekea ilikuwa ya Windows 7. Kila nilipotafuta kitu kwenye intaneti nilitupwa kwenye kurasa nisizozijua, na programu ya kuondoa virusi haikuona kasoro. Alishuku kirusi cha jamii ya TDL4, iliyosumbua sana mwaka 2010. Hicho hujibanza katika sekta ya kwanza ya diski, inayosomwa kabla Windows haijaamka. Programu ikiomba kuiona sekta hiyo, kirusi huipa nakala safi. Utamkamataje mwizi akiwa ndiye mlinzi wa geti?

Basi aliwasha mashine kwa Linux iliyomo kwenye flashi. Diski ikawa kama daftari lililofunguliwa mezani, kirusi kimo lakini hakina wa kumdanganya.

Sekta ile ina baiti 512 tu. Baiti 440 za mwanzo ni maelekezo ya kuwasha. Zinafuata 4 za utambulisho wa diski, 2 ambazo kwa kawaida ni tupu, kisha 64 za jedwali linaloonyesha kila sehemu ya diski inaanzia wapi. Mbili za mwisho, 55 na AA, ni muhuri. Jedwali likiharibika, mafaili yapo lakini njia ya kuyafikia imefutika.

Kabla ya kugusa chochote alinakili baiti zote 512. Nilipomuuliza sababu, alinieleza juu ya Monkey, kirusi cha miaka ya 1990 kilichoihamisha sekta halisi na kuivuruga. Aliyekurupuka kusafisha alibaki bila jedwali. Akalisoma jedwali langu mstari kwa mstari, kidole kwenye kioo, midomo ikihesabu. Nilipenda sana kumtazama hapo.

Kisha flashi ya pili, yenye Windows, na amri moja: bootrec /fixmbr. Huandika upya maelekezo, jedwali hailigusi. Ilimaliza mara moja. Mimi nikanyanyuka, yeye akarudisha flashi ya kwanza, akailinganisha sekta mpya na nakala yake. Zile 440 zilikuwa zimebadilika. Jedwali lilikuwa lilelile, baiti kwa baiti.

Ndipo akachomoa flashi, akawasha. Nakala ya sekta iliyougua ameihifadhi, jina la faili ni tarehe ya siku ile.