Rukeyser na kura ya Dudack

Novemba 1999 Louis Rukeyser, mtangazaji wa kipindi cha televisheni cha Marekani Wall $treet Week, alimwondoa mchambuzi wa soko Gail Dudack kwenye orodha ya vibwengo wake. Kosa la Dudack lilikuwa kung'ang'ania kwamba hisa za Marekani zimepanda kupita kiasi na zitashuka. Nilishasema na narudia: katika miaka zaidi ya 30 ya kipindi hicho, sioni uamuzi uliokuwa mbovu kuliko huo.

Tuangalie chombo chenyewe. Vibwengo, jina ambalo Rukeyser aliwapa kwa mzaha wachambuzi wake 10 wa mwenendo wa soko, walikuwa wakipiga kura: +1 kwa anayeona soko litapanda, -1 kwa anayeona litashuka, 0 kwa aliye katikati. Jumla yake ndiyo fahirisi iliyosomwa hewani. Sasa mtoe mtu wa -1, mweke wa +1. Fahirisi inaruka pointi 2 na soko halijasogea hata senti moja. Mtazamaji aliyeweka akiba ya uzeeni kwenye hisa anadhani wataalamu wamepata matumaini mapya, kumbe kilichobadilika ni majina tu. Ni refa kumtimua mshika kibendera kwa sababu ameinua kibendera.

Najua utetezi wa mashabiki wa Rukeyser: Dudack alikuwa ametabiri anguko muda mrefu na anguko halikuja. Kweli, mwaka 1999 peke yake fahirisi ya hisa ya Nasdaq ilipanda kwa zaidi ya asilimia 85. Lakini anayesema bei imeikimbia faida hajakupa tarehe, amekupa kipimo. Na bei ikizidi kukimbia huku faida ikisuasua, hoja yake inaongezeka uzito. Mtoto wa Merryle Rukeyser, aliyekulia nyumbani kwa mwandishi wa safu za fedha, alilijua hilo kabla hajaota ndevu.

Nafasi ya Dudack akapewa Alan Bond, meneja wa fedha mwenye matumaini tele. Desemba ileile waendesha mashtaka walimfungulia kesi ya kupokea malipo ya siri kutoka kwa madalali, na hatimaye akafungwa. Tarehe 10 Machi 2000 Nasdaq ilifunga juu ya pointi 5,048. Oktoba 2002 ilikuwa 1,114.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba Rukeyser wa zamani asingefanya hivi. Ijumaa ya tarehe 16 Oktoba 1987, kwenye kipindi hichohicho, mchambuzi Martin Zweig aliketi na uso uliokunjamana akasema anahofia soko kuporomoka. Hakuna aliyemzima. Jumatatu fahirisi ya hisa ya Dow Jones ikapoteza pointi 508, asilimia 22.6 kwa siku moja. Ijumaa iliyofuata Rukeyser aliwatuliza watu kwa utani na akili, akiwakumbusha kwamba kilichopotea ni pesa, si uhai. Ule ulikuwa utangazaji wa fedha hasa, si wa hawa watangazaji wa leo wenye namba zinazokimbia chini ya skrini, wanaomuuliza dalali swali moja tu, tununue nini, bila kumuuliza utabiri wake wa mwaka jana uliishia wapi.

Hotuba zake za kufungulia kipindi, maswali ya watazamaji, mgeni kwenye sofa: vyote safi, havina mjadala.

Ila fahirisi ya vibwengo haikupona. Mwaka 2001 aliifuta kabisa, na kwa maoni yangu ilikuwa imeshakufa siku ile ya Novemba, kwa kuwa kura iliyopigwa na watu wanaojua kwamba mpinzani hufukuzwa haipimi soko tena. Inapima hofu yao kwa mwenye kipindi.

Machi 2002 kituo cha televisheni cha Maryland kilichokitengeneza kipindi kilitaka sura changa, kikampunguzia Rukeyser cheo kwenye kipindi alichokijenga tangu 1970. Akawalalamikia mabosi wake hewani, wakamtimua moja kwa moja, naye akahamia kituo cha CNBC. Upuuzi mtupu, kipindi walichobaki nacho hakikufika 2006. Dudack alianzisha kampuni ya utafiti yenye jina lake mwenyewe, na mashabiki wa Rukeyser bado hawamtaji wanapomlilia mtu wao.