Sifa ya Fundi Mitambo

Mwimbaji Muhidin Maalim Gurumo alikuwa mtoto wa Masaki, Kisarawe, nao Sikinde, mtindo uliovuma na bendi yake ya Mlimani Park Orchestra kuanzia 1978, ulichukua jina kwenye ngoma ya Wazaramo wa huko huko Pwani. Hayo mashabiki wa dansi wanayajua. Asiyetajwa ni yule aliyetufikishia sauti zile: fundi mitambo wa Radio Tanzania Dar es Salaam.

Enzi hizo bendi nzima ilirekodi kwa mkupuo: magita, tarumbeta, saksafoni, tumba na waimbaji, tepu ikizunguka. Mmoja akikosea, wote walianza upya. Kwa hiyo fundi alimaliza nusu ya kazi kabla ya wimbo kuanza. Mpuliza saksafoni alirudishwa nyuma asiwameze waimbaji. Spika ya besi iligeuzwa isiingie kwenye maikrofoni ya tumba. Wimbo ukishaanza, alibaki na masikio na vidole vyake, akilipandisha gita la solo kwenye chemko, pale wimbo unapochangamka, na kulishusha waimbaji wanaporudi. Hapakuwa na kurekebisha kesho.

Wanaosema tepu inaishinda dijitali wana hoja. Sauti ikizidi, chembe za oksidi ya chuma zilizo juu ya utepe hujaa usumaku taratibu, na vilele vyake hulainika. Ndiyo maana tarumbeta za zamani hazichomi masikio. Dijitali huipima sauti kwa tarakimu, mara 44,100 kwa sekunde kwenye CD. Haina mvumo wa tepu, na kwa vipimo ni aminifu zaidi, ila ikivuka kiwango chake hukwaruza papo hapo.

Hata hivyo, naamini tunaipa tepu sifa ya watu. Zilipendwa zinazopigwa leo pale Maili Moja, Kibaha, zimo kwenye flashi na simu, zimeshageuzwa dijitali, na bado magita yanajibizana. Tunachokisikia ni watu waliokuwa wakitazamana, na tumba iliyopenya kidogo hadi kwenye maikrofoni ya mwimbaji.

Kompyuta haikatazi ufundi huo. Kijana mwenye studio Kibaha au Kisarawe aikaribishe bendi ipige pamoja, apange watu kabla ya kupanga trek, na awe na ujasiri wa kuamua wimbo ukiwa unakwenda. Nasi tujifunze kuuliza aliyerekodi ni nani, kama tunavyouliza aliyeimba.