Inchi 65 za kujitakia

Dada yangu aliingia Kariakoo na hesabu zake zimekamilika: inchi 50, taa za nyuma zilizotandazwa paneli nzima, jina lenye kituo cha huduma Dar es Salaam na waranti ya miaka miwili iliyopigwa muhuri. Hapo sina la kuongeza. Kasoro ilianzia kwa shemeji, alipoinua macho akaiona inchi 65 imebandikwa ukutani, nyembamba kama sinia. Muuzaji akamwita bosi, akamwambia hii ndiyo habari ya mjini, na bei zenyewe zimepishana kidogo tu. Ile ya inchi 50 ikarudishwa kwenye boksi, wakabeba ya 65. Hiyo ya 65 ilikufa palepale dukani, ingawa kuzima ilizima baada ya mwaka na ushei.

Turudi kwenye dakika zile, maana kila msomaji wa safu hii ameshazishuhudia. Rimoti ilikuwa mkononi mwa muuzaji muda wote. Picha ilikuwa kwenye Vivid, mwanga umefunguliwa hadi 100, na kilichokuwa kikicheza ni ile video ya kasuku wekundu na asali inayomiminika, iliyorekodiwa kwa 4K ili ipendeze hata kwenye kioo kibovu. Hakuna aliyechomeka kisimbuzi. Hakuna aliyeomba Standard. Shemeji hakugusa hata mgongo wa TV kusikia joto lake, na ilikuwa imewaka tangu asubuhi. Bei ya inchi 65 ikisogelea ya inchi 50 namna ile, swali la kwanza ni wamepunguza wapi. Yeye aliuliza kama wana stendi ya ukutani.

Walipopunguza ni kwenye taa. TV nyembamba kiasi kile ya bei ile huwa imewekewa LED pembeni, aghlabu ukingo wa chini, na mwanga unasambazwa juu kwa bamba la plastiki angavu. Taa zimebanana kwenye ukanda mmoja, joto lote limerundikana hapo, na mfupa wa chuma wa kulibeba umepunguzwa ili TV iwe nyembamba. Plastiki inapinda au kupasuka, karatasi ya kuakisi inajikunja, LED zinaungua. Wala si chuki zangu za siku zote. Maabara ya RTINGS ya Montreal, Kanada, ilianza mwaka 2022 kuziwasha TV 100 kwa saa nyingi mfululizo ili ione zinachakaa vipi, na kundi lililoaibika mapema kwa kasoro za mwanga ni hilihili la taa za pembeni.

Nyumbani kosa likalindwa. Hakuna aliyebadilisha Vivid, kwa hiyo taa ziliendelea kusukumwa kwa nguvu zote usiku na mchana. Ikatundikwa juu karibu na dari (hili nitalisema mpaka mnichoke: macho ya mtu aliyekaa kwenye kochi hayako darini). Chaneli ya SD ikaingia na mistari yake 576, ikatakiwa kujaza kioo chenye mistari 2160, nyuso za watangazaji zikawa kama zimepakwa mafuta. Chumba hakikuruhusu kusogeza makochi nyuma.

Siku ilipozima, sauti ilibaki. Fundi akazima taa ya sebule, akamulika tochi ya simu kwenye kioo kwa pembeni, na wachezaji wakaonekana kwa mbali wakikimbia gizani. Kioo kizima, mazabodi nzima, mwanga wa nyuma ndio umekwenda. LED hizo zimeungwa mfululizo, moja ikikatika mnyororo wote unalala. Alipokitoa kioo kwa vinyonyeo vyake, ukingo wa chini wa lile bamba ulikuwa umegeuka rangi ya chai, na stripu ina doa jeusi. Akazunguka Kariakoo na ile stripu mkononi: urefu haufanani, volti hazifanani. Akaishia kujampa taa iliyokufa. Baada ya muda ikafuata jirani yake.

Shemeji akasema ni umeme. Sikubali. Stabilaiza ilinunuliwa siku ileile, ikachomekwa vizuri, na pawa saplai haikuwa na hata kapasita moja iliyovimba.

Nikikumbuka TV za chogo nasikia uchungu. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwaka 1973, Bara tukaja kupata chaneli miaka ya tisini, na masanduku tuliyoanza nayo yaliuzwa, yakarithiwa, yakapelekwa kijijini na bado yakawaka. Trinitron ya Sony, iliyotoka mwaka 1968, ilikuwa mzigo wa kubeba watu wawili, lakini fundi aliifungua kwa bisibisi, akabadilisha flaibaki, akaichomelea upya bodi iliyopasuka risasi, ikarudi sebuleni. Ilikuwa ikizeeka polepole, rangi zikififia kidogo kidogo, na mwenye nyumba akapata nafasi ya kujipanga. Hata plazima za Pioneer zile za Kuro, pamoja na joto lake na bili yake ya umeme, zilikuwa na weusi ambao hizi za dukani leo zinausoma kwenye stika tu.

Na stika ndiyo ugomvi wangu mwingine. HDR iliyoandikwa kwenye boksi mara nyingi maana yake TV inaipokea ishara, haimaanishi kioo kina mwanga wa kuionyesha. Jina nalo halitoshi kukulinda: TV za Toshiba ziko chini ya Hisense tangu mwaka 2018, na nyingi zenye jina la Philips zinatoka kampuni ya TPV. Sisemi ni mbaya, nasema anayenunua kwa kumbukumbu ya TV ya baba yake ananunua kitu kingine. Android ya kuokoteza isiyo na kibali cha Google ndiyo usiiguse kabisa. Leo YouTube inafunguka, kesho inakataa, na Netflix huenda usiipate tangu siku ya kwanza.

Dada amerudi kwenye chaguo lake la mwanzo. Ni nene, haina majivuno, mwanga ameshusha hadi nusu, na iko usawa wa macho.

Wewe unayekwenda mwisho wa mwezi, nenda na flashi yenye video uliyorekodi mwenyewe, shika rimoti wewe, weka Standard, kisha gusa mgongo wa TV. Waranti isomeke jina la kampuni, si la fremu ya duka peke yake. Kabla ya kulipa, piga picha namba ya modeli umtumie fundi wako, aulize kama stripu zake zinapatikana. Kama hazipatikani, acha TV yao ukutani uondoke.