Wakaidi, au Watu Wenye Kilio?

Liko neno moja ambalo limeandikwa mno juu ya watu wa Beni na Butembo tangu mwaka 2018, nalo ni ukaidi. Wenye kuandika taarifa kwa Kifaransa walisema "upinzani wa wenyeji". Wenye kusema Kiswahili walifupisha: wakaidi, wajinga, watu wasiosikia. Neno hili limepita katika taarifa za kila siku, likapita magazetini na redioni, mpaka likawa kama jina la pili la miji hiyo. Leo twataka kulitia neno hilo katika mizani, kama mnunuzi wa kahawa apimavyo gunia kabla ya kulilipa, tuone kama ndani yake mna kahawa au mna mawe.

Kwanza tukumbushane mambo yalivyokuwa. Tarehe 1 Agosti 2018 Serikali ya Kongo ilitangaza kwamba Ebola imeingia Kivu ya Kaskazini. Ilionekana kwanza Mangina, mji mdogo karibu na Beni. Kisha ikafika Beni penyewe, ikashuka Butembo na Katwa, ikavuka hata Ituri. Ilipotangazwa kwamba imekwisha, tarehe 25 Juni 2020, walikuwa wameugua watu 3,470, na katika hao 2,287 walikufa. Zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa wanawake, na zaidi ya robo watoto. Lakini safari hii palikuwa na jambo ambalo Yambuku mwaka 1976 na Kikwit mwaka 1995 hawakulijua: palikuwa na chanjo. Watu zaidi ya 300,000 waliipata. Hesabu ya kwanza, iliyotolewa Aprili 2019, ilionyesha kwamba yalinda watu 97 katika mia. Basi msomaji wa mbali huuliza: mama mwenye watoto awezaje kuikataa dawa ya namna hii? Neno "mkaidi" ni jibu la haraka kwa swali hilo. Ndiyo sababu lapendwa.

Lakini yafaa tujue chanjo ile ilitolewaje. Haikutolewa kama ile ya surua, watoto wote wa kijiji wakipanga mstari. Ilitolewa kwa duara. Mtu akiugua, wakatafutwa wote waliomgusa. Kisha wakatafutwa wote waliowagusa hao. Madaktari walikuwa na haki, maana dawa ilikuwa haba na moto huzimwa pale unapowaka. Hata hivyo tazama ilionekanaje kwa mtu aliyekaa mbele ya nyumba yake. Gari lafika. Nyumba hii yaitwa, nyumba ile yaachwa, na hapana anayejua kwa nini. Kisha maswali: Nani alikaa na mgonjwa? Nani alimwosha marehemu? Nani alilala matangani? Nani alichukua jeneza? Taja majina.

Katika nchi ya Beni watu wameuawa kwa mapanga na bunduki tangu Oktoba 2014, kijiji baada ya kijiji, Serikali na askari wa Umoja wa Mataifa wakiwapo. Katika nchi ya namna hiyo kumtajia mgeni majina ya jirani zako si jambo dogo. Tena mgeni huyo mara nyingi alikuja na askari wenye bunduki wa kumlinda. Tena kazi yake iliitwa "riposte", neno la Kifaransa lenye maana ya kurudisha pigo. Hatusemi kwamba aliyelichagua alikuwa na nia mbaya. Twasema alichagua neno la vita akawapelekea watu waliochoka na vita, naye akashangaa walipofunga mlango. Watu wenyewe wakaliokota neno hilo wakalitumia kwa njia yao: "Huyu ni mtu wa Riposti," yaani ana gari, ana mshahara wa dola, si mtu wetu tena.

Hapa ndipo taarifa nyingi zilipokosa, kwa maoni yetu. Waliandika kukataa kama jambo la mtu mmoja: fulani ameitwa, fulani amekataa, tia alama. Kumbe katika Butembo mtu hakatai peke yake, wala hakubali peke yake. Mji ule umejengwa na wafanyabiashara waliopeana mtaji kwa kuaminiana tu, na wakulima waliolimiana mashamba kwa zamu katika likirimba, wakati Serikali ilipokuwa mbali. Barabara walizitengeneza wenyewe. Chuo kikuu cha Graben ni tunda la jimbo Katoliki na la watu wenyewe. Mtu wa namna hiyo akiugua, hakimbilii ofisi; hukimbilia ukoo, jirani na jumuiya yake ndogo. Akifa, kilio ni cha wote, na asiyefika hukumbukwa miaka mingi. Basi aliyeikubali sindano huku ukoo wake umekataa hakuwa amefanya jambo la afya tu. Alikuwa amejitenga. Wakamwuliza kwa sauti ya chini: Wamekupa ngapi? Na aliyekataa pamoja na ndugu zake hakujiona mkaidi. Alijiona mwaminifu.

Mwezi wa Septemba 2018 wataalamu waliwauliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Robo yao walisema kwamba Ebola haipo. Hiyo ndiyo hesabu inayokumbukwa. Lakini katika uchunguzi huo huo mlikuwa na hesabu nyingine: walioamini kwamba wakubwa wa mahali pao watawatendea kwa faida yao hawakufika theluthi, ni 31.9 kwa mia tu. Sisi twaona hiyo ya pili ndiyo mama wa ile ya kwanza. Ukimnukuu mtoto ukamwacha mama, umesema kweli nusu.

Tena miezi mitatu baadaye Serikali yenyewe iliwapa watu hao sababu. Tarehe 26 Desemba 2018 Tume ya Uchaguzi ilitangaza kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura pamoja na nchi nzima, bali mwezi wa Machi, ikitaja Ebola na usalama. Mwezi wa Machi! Na Rais mpya aliapishwa Januari. Masoko yalikuwa wazi, shule zilikuwa wazi, makanisa yalijaa watu. Ni sanduku la kura tu lililoonekana la kuambukiza. Kesho yake wenye hasira wakavamia mahali pa kuwapokea wagonjwa mjini Beni, na tarehe 30 Desemba watu wa Beni wakapanga mistari wakapiga kura yao wenyewe, ingawa walijua haitahesabiwa. Aliyekuwa akisema Novemba kwamba ugonjwa huu ni hila ya wanasiasa alipewa ushahidi wake Desemba, tena bure.

Kuhusu fedha hatutakaa sana, maana mambo yajulikana. Watu walisema "Ebola Business", wakaitwa wazushi. Mwezi wa Machi 2020 mahakama ilimhukumu Dkt. Oly Ilunga, aliyekuwa Waziri wa Afya, miaka mitano kwa kutumia vibaya fedha za Ebola. Mwezi wa Septemba 2021 tume huru ilieleza jinsi wanawake walivyodaiwa miili yao ili wapate kazi katika shughuli hiyo. Ilitaja watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wafanyakazi wa Shirika la Afya Duniani. Uvumi ulikosa kwa mambo mengi. Kwa hili haukukosa.

Na huyo Waziri, kabla hajajiuzulu Julai 2019, alikataa chanjo ya pili isiingie nchini. Alisema haijathibitishwa, nayo itawachanganya watu. Twauliza tu: nani aliandika kwamba Waziri ni mkaidi? Alihesabiwa mtu mwenye hoja, na akajibiwa kwa hoja. Mama wa Katwa aliyesema maneno hayo hayo kwa Kinande alitiwa katika safu ya upinzani. Mwaka 2021 ikaja chanjo ya KOVIDI. Kongo ilipokea dozi kama milioni 1.7, ikarudisha kama milioni 1.3, maana siku zake zilikuwa zakaribia kwisha na watu hawakuja kuchanjwa. Hao hawakuwa watu wa Butembo tu. Ilikuwa nchi nzima, na mji mkuu ndani yake. Katika nchi za Ulaya nako maelfu kwa maelfu walikataa. Wataalamu wakawatafutia neno la adabu: "wenye kusitasita". Ndugu msomaji, yaweke maneno haya mawili pamoja, mwenye kusitasita na mpinzani, uone nani apewa kiti na nani apewa kijiti.

Je, sasa tuwasifu waliokataa? Wako waandishi walioligeuza gunia upande wa pili. Kwao kila mlango uliofungwa ni ushujaa, kila jiwe lililotupwa ni sauti ya maskini. Hao nao hatuwafuati. Tarehe 24 Februari 2019 kituo cha kutibia Ebola cha Katwa kilichomwa moto; siku tatu baadaye kituo cha Butembo kikashambuliwa, na Madaktari Wasio na Mipaka wakaondoka. Waliobaki bila kitanda hawakuwa Wazungu. Tarehe 19 Aprili, siku yenyewe ya Ijumaa Kuu, Dkt. Richard Mouzoko, mwana wa Kameruni, alipigwa risasi akafa katika hospitali ya chuo kikuu mjini Butembo, akiwa kazini. Wenye bunduki hao hawakuwa ukoo uliokataa sindano; kuwaweka pamoja ni kuwaonea waliokataa. Lakini walipita katika giza ambalo milango iliyofungwa ililifanya.

Tena umoja wa kukataa una hesabu yake, na hesabu hiyo haikulipwa na wote sawasawa. Baraza la ukoo likisema mgonjwa asipelekwe, ni nani atakayemtunza usiku nyuma ya nyumba? Si mzee aliyesema. Ni shangazi, ni binti, ni mke wa mwana. Yeye ndiye afuaye nguo, yeye ndiye apanguzaye matapishi, na mtoto wake mchanga yuko mgongoni. Tulisema kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa wanawake na zaidi ya robo watoto. Wengi wao hawakuulizwa kama wakataa au wakubali. Sisi twaliheshimu neno umoja, lakini tukiambiwa kwamba nyumba nzima imekataa, twapenda kujua kwanza nani alisema katika nyumba hiyo na nani alikuwa jikoni.

Na waliopona? Hao walipata upweke wa pande mbili. Walirudi nyumbani na karatasi ya kuwa wazima, na bado kikombe chao kikatengwa. Kwa waliokataa, mponyaji wao alikuwa adui. Basi wao wenyewe walikuwa nani? Jambo hili lastahili kitabu chake, wala hatujui kwa nini waandishi wengi hulipita kwa mstari mmoja.

Wakristu twamkumbuka Mtume Tomaso. Alikataa ushuhuda wa wenzake wote, tena kwa maneno makali: mpaka aone, mpaka aguse. Watu humsema kwa mashaka yake na kusahau jambo la pili, kwamba juma zima alibaki katika nyumba ile ile na wale wale aliowakatalia. Hawakumfukuza. Hawakumwita jina. Na alipokuja Bwana, alimwonyesha kile kile alichotaka kuona.

Jambo la namna hiyo lilifanyika Beni. Waganda la nailoni na kuta za turubai za vituo vya kwanza ziliwaficha wagonjwa. Mtu aliingia hai, akatoka katika mfuko, na katikati hapana aliyeona. Ndipo shirika la ALIMA likaleta chumba chenye kuta zinazoonyesha, kiitwacho CUBE. Mama akasimama nje akamwona mwanawe, akamwona daktari anamshika mkono, akasema naye. Sindano ilikuwa ile ile na ugonjwa ule ule. Kilichobadilika ni ukuta. Kwa maoni yetu ukuta huo ulijibu swali la watu vizuri kuliko maonyo mengi ya redioni, kwa sababu ulikubali kwanza kwamba swali lao lilikuwa swali.

Ebola ilirudi Butembo Februari 2021. Safari hii kazi ilikuwa zaidi mikononi mwa wakubwa wa afya wa jimbo na wauguzi wa huko huko, bila ule msafara mkubwa wa magari. Waliugua 12, wakafa 6, na tarehe 3 Mei ikatangazwa imekwisha. Ilirudi Beni Oktoba mwaka huo huo: wagonjwa 11, waliokufa 9, mwisho wake tarehe 16 Desemba. Hatusemi kwamba wote walikubali chanjo, wala kwamba milango yote ilikuwa wazi. Katika miji hiyo, pembeni ya vituo vya matibabu, palikuwapo tangu ugonjwa mkubwa nyumba za kulelea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa ndani. Walezi walikuwa wanawake waliokwisha kuugua wakapona. Wao tu waliweza kumbeba mtoto wa namna hiyo kifuani bila hofu, na mikono ile ile iliyoogopwa mtaani ndiyo iliyomlaza usingizi.