Ahadi ni Deni: Sentensi Kuu katika Aya za Watoto

Katika mafunzo ya uandishi, ni kanuni chache zinazorudiwa darasani kama hii: kila aya iwe na wazo moja, wazo hilo litajwe katika sentensi kuu, na sentensi zinazofuata zilifafanue. Kanuni ni njema. Lakini tukizisoma insha za watoto wetu kwa makini, twaona kwamba wengi wameshika umbo la kanuni bila ya kushika maana yake. Jambo hili lafaa kutazamwa hasa na sisi tufundishao Kiswahili nchini Uganda. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kama somo la lazima shuleni. Wengi wa watoto hao hawaisikii lugha hii nyumbani. Watakachofundishwa kuhusu aya ndicho watakachodhani kuwa ndio uandishi wa Kiswahili.

Tuchukue mfano. Tumeuunda wenyewe, lakini kila mwalimu atautambua:

"Maji ni muhimu sana katika maisha. Kila mtu anahitaji maji. Bila ya maji hatuwezi kuishi. Ndiyo maana husemwa kwamba maji ni uhai. Kwa hiyo maji ni muhimu sana."

Mwalimu atasahihisha nini hapa? Sarufi haina kosa. Sentensi kuu ipo, tena ipo mwanzoni, na hakuna sentensi iliyotoka nje ya mada. Kwa kipimo cha kanuni aya imetimia. Lakini msomaji anafika mwisho bila ya kujua neno ambalo hakulijua alipoanza. Wazo moja limesemwa mara tano kwa mavazi matano. Huko ni kutwanga maji kinuni.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Sentensi kuu ni ahadi ambayo mwandishi humpa msomaji, na sentensi zinazofuata ndiyo malipo. Tuitazame aya nyingine ya mada iyo hiyo:

"Kisima cha kijiji chetu hakitoshi tena. Kilichimbwa kaya zilipokuwa chache, na leo foleni yake huanza kabla ya jogoo kuwika. Kiangazi kikiingia, maji yake hushuka hata kamba moja isiyafikie, ikabidi ziungwe mbili. Wasichana ndio wanaotumwa maji, na siku ya zamu yao hufika shuleni kipindi cha kwanza kimekwisha. Hicho ndicho kisima tunachokisifu kwa wageni."

Hapa deni limelipwa. Tumeambiwa kwa nini kisima hakitoshi, ni wakati gani hali huzidi kuwa mbaya, na ni nani anayeumia. Sentensi ya mwisho haikurudia ya kwanza. Imetufanya tuione kwa jicho jipya.

Tutazame pia jinsi aya hii ilivyoshikamana. Kisima, kilichimbwa, hicho, tunachokisifu: kiambishi cha ngeli kimepita ndani yake kama uzi ndani ya shanga. Hii ni hazina ya Kiswahili ambayo hatuitumii vya kutosha. Twafundisha upatanisho wa kisarufi siku ya sarufi, na aya siku ya insha, kana kwamba mambo hayo hayajuani. Mtoto asemaye Kiganda ana ekitabo, na jirani yake asemaye Kinyarwanda ana igitabo. Wote wawili wanajua tangu utotoni kwamba jina huyaburuta maneno mengine nyuma yake. Wanaonyeshwe kwamba jina la sentensi kuu laweza kuiongoza aya nzima kwa njia hiyo. Mtoto wa Kiacholi au Kilango, ambaye lugha yake si ya Kibantu wala haina ngeli za namna hiyo, atahitaji muda na mifano zaidi, wala asihesabiwe kuwa mzito wa kuelewa.

Kuhusu mahali pa sentensi kuu, ukali wetu umepita kiasi. Kanuni ya kuiweka mwanzoni ilienezwa na vitabu vya Kiingereza vya karne ya 19. Alexander Bain wa Chuo Kikuu cha Aberdeen, Uskoti, aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1866. Mwaka 1974 Mmarekani Richard Braddock alichunguza makala za waandishi mashuhuri magazetini, akaona kwamba aya zilizoanza kwa sentensi kuu zilikuwa takriban 13 tu katika kila 100. Nasi tunao ushairi wetu wa jadi, ambamo kila ubeti hutakiwa ujitosheleze kwa wazo lake, na mara nyingi uzito wa wazo hilo huangukia kwenye kituo, yaani mshororo wa mwisho. Hatusemi kwamba kanuni itupwe. Anayeanza kutembea hushikwa mkono. Twasema tu kwamba mtoto aliyekwisha kuimudu asinyimwe alama kwa kuiweka sentensi kuu mwishoni, ikiwa amefika hapo kwa haki.

Methali nayo ina tatizo lake. Watoto hufundishwa kufungua aya kwa methali, na watahini wengine huitafuta kama mapambo. Lakini methali ni dai zito, na anayeitaja amejitwika deni kubwa zaidi. Akiandika kwamba haba na haba hujaza kibaba, atuonyeshe haba zenyewe na kibaba kilichojaa.

Basi tufanyeje? Shaaban Robert alikiita kitabu chake cha mwaka 1954 Kielezo cha Insha, na jina hilo peke yake latosha kuwa funzo: insha hujifunzwa kwa vielezo. Kisha tuigeuze kazi. Badala ya kuwapa watoto sentensi kuu waijazie, tuwatume kwanza wakatazame: sokoni, kisimani, kwenye kituo cha mabasi. Kila mmoja arudi na mambo matano aliyoyaona au kuyasikia. Ndipo tuwaulize ni sentensi gani moja inayoweza kuyabeba yote matano, lisilobebeka liachwe. Wakimaliza kuandika, wabadilishane madaftari na kuuliza swali moja juu ya kila sentensi: je, hii ingeweza kuandikwa na mtu ambaye hajawahi kufika huko? Ikiwa jibu ni ndiyo, sentensi hiyo haijalipa kitu.

Twajua kwamba mwalimu mwenye madaftari mengi mezani huona ni rahisi kutazama kama sentensi kuu ipo kuliko kupima kama imethibitishwa. Hata hivyo, mtoto anayezoea kusifiwa kwa kusema kila mtu alichokwisha kusema atakua akiamini kwamba kusema ni kurudia. Atakaposimama mbele ya baraza la kijiji kudai kisima kipya, atakuwa na methali nyingi na ushahidi haba. Aya yake ya leo ndiyo mazoezi ya siku hiyo.